Kadi ya RAID, RAID ya programu au kidhibiti pacha: seva yako ya Nairobi iwekewe ipi?

"Fundi, si uliniambia hata diski mbili zikifa tuko salama?"

"Diski zote nane ni nzima, mama. Kilichokufa ni kile kinachozisoma."

"Sasa kama ni nzima, si uzichomeke kwa kompyuta nyingine tufanye kazi?"

Mama huyo ana bohari ya vifaa vya ujenzi kule Industrial Area, na swali lake la mwisho lilinifanya nianze kulinganisha vidhibiti vya diski upya. Ilikuwa Ijumaa jioni. Stima ilikuwa imekatika na kurudi mara tatu mchana ule. Mara ya tatu seva yake, mtumba kutoka Uingereza, ikawaka, ikahesabu kumbukumbu, ikafika pale kadi ya RAID, ile inayounganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, inapojitambulisha, ikaganda. Nikachomoa kadi, nikaipangusa, nikaihamishia nafasi nyingine. Kimya. Zile diski nane zilikuwa na ankara za miaka kadhaa, lakini hakuna kompyuta nyingine ofisini iliyoweza kuzielewa, kwa sababu kadi ilikuwa imezipanga kwa mtindo inaoujua yenyewe na ndugu zake tu.

Kadi ya ukoo uleule niliipata Jumanne, Luthuli Avenue, ndani ya katoni ya muuzaji aliyekuwa amevunja seva mbovu ili auze vipande. Nikaichomeka. Ikasema imeona usanidi wa kigeni kwenye diski na kwamba nikibonyeza F itauchukua. Nikabonyeza, mama amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni. Data ikarudi, ila ankara za dakika za mwisho, zilizokuwa bado kwenye kache (kumbukumbu ya muda) ya kadi iliyokufa, zilipotea.

Tangu hapo mteja akiniuliza anunue kidhibiti gani, simuulizi kwanza anataka kasi gani. Namuuliza: kikifa Ijumaa jioni, cha pili kitatoka wapi? Nitalinganisha vitu vitatu kwa kipimo hicho, na kwa vipimo vingine pale vinapohitajika.

Nani apige hesabu?

Wazo la RAID lilipewa jina na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko lao la 1988: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha nyingi za bei nafuu na uweke urudufu ili moja ikifa kazi isisimame. Hesabu yenyewe ya kupanga urudufu huo haijabadilika sana. Kinachobishaniwa ni nani aipige. Inaweza kupigwa na kadi yenye chipu na kumbukumbu yake. Inaweza kupigwa na programu endeshi, huku kadi ikipitisha diski tu bila kuzigusa. Au kabati la diski lililo nje ya seva, lenye vidhibiti viwili vinavyolindana.

Kuna ya nne, ile RAID inayowashwa kwenye mipangilio ya ubao mama wa kompyuta ya kawaida. Hiyo ni programu iliyovaa koti la kadi: haina kache ya kulindwa na betri, na ubao ukifa unarudi kutafuta ubao wa aina ileile. Iache.

Kadi yenye kache na betri

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye seva nyingi za mitumba mjini: PERC kwenye Dell, Smart Array kwenye HPE, MegaRAID kwenye nyingine. PERC nyingi zimejengwa juu ya chipu za ukoo mmoja na MegaRAID, kwa hiyo zinafanana tabia. Smart Array ni ukoo mwingine kabisa, na diski zilizopangwa na Smart Array hazisomwi na PERC. Kariri hilo kabla hujaingia dukani.

Utamu wake uko kwenye kache. Programu ikitaka kuandika, kadi hupokea data kwenye kumbukumbu yake, hujibu papo hapo kwamba imeshaandika, kisha huipeleka kwenye diski kwa wakati wake. Kwa RAID 5, mpangilio unaovumilia diski moja kufa, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kuandika kipande kidogo kimoja hudai kazi nne za diski: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi (ile inayorudisha data ya diski iliyokufa), kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. RAID 6, inayovumilia mbili kufa, hudai sita. Kache huficha gharama hiyo, na mhasibu anayebonyeza hifadhi haoni kuchelewa.

Ila jibu lile la "nimeandika" ni ahadi, na mdhamini wa ahadi ni betri. Stima ikipotea data ikiwa bado kwenye kache, betri huiweka hai hadi seva iwake tena. Betri za lithiamu za kadi za zamani, zikiwa mpya, hutajwa kubeba kache hadi kama saa 72. Ikizeeka inabaki na saa chache, au haibaki na kitu. Usiku wa 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokaa gizani, betri zilizochoka zilikuwa na mtihani mrefu. Kadi za baadaye ziliachana na mtindo huo: stima ikikatika, kapasita kubwa hutoa nguvu ya kutosha kumwaga kache kwenye kumbukumbu ya fleshi, na humo data inakaa bila kuhitaji umeme. Ukinunua mtumba, lipa zaidi upate ya kapasita. Kwa mji wa stima kama yetu, sina ubishi juu ya hilo.

Kuna kisa kinachojirudia mpaka nimekizoea. Mteja anapiga simu: "Seva imekuwa nzito ghafla." Hajaongeza watumiaji, hajabadilisha programu. Nikifika nakuta betri ya kadi imekufa, na kadi, kwa busara yake, imeacha kutumia kache ya kuandika. Kila kitu kinasubiri diski. Wakati mwingine betri haijafa, iko tu kwenye zoezi lake la kujipima, la kujimaliza chaji na kujijaza tena, nao mwendo unashuka kwa saa kadhaa kisha unarudi. Fundi asiyejua huuza seva mpya kwa tatizo la betri. Na fundi mwenye haraka hulazimisha kache iendelee bila betri. Kitufe cha kufanya hivyo kipo na kasi inarudi, hadi stima itakapokatika.

Kubadilisha diski kwenye kadi hizi ni raha. Taa ya njano inawaka kwenye trei, unavuta, unasubiri kidogo, unasukuma mpya, kadi inaanza kujenga upya bila kuulizwa. Mlinzi wa usiku anaweza kuelekezwa kwa simu. Usidharau sifa hiyo kama una tawi Thika au Machakos lisilo na fundi.

Na kuna hali ambapo huna chaguo: ukiendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja, juu ya VMware ESXi kwenye seva yenye diski zake za ndani. ESXi haina RAID ya programu kwa diski hizo. Hapo nunua kadi, na ununue mbili.

Kadi ya kupitisha na RAID ya programu

Huku kadi ni ya HBA, ile isiyo na akili ya RAID. Kazi yake ni kuiambia Linux: hizi hapa diski nane, kila moja na namba yake. Linux huzipanga yenyewe, kwa mdadm, chombo cha RAID cha Linux, au kwa ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake ndani. Kadi za LSI 9211-8i na 9300-8i zimejaa sokoni, na baadhi ya kadi za RAID hubadilishwa ziwe za kupitisha kwa kuwekewa famwea (programu ya ndani ya kadi) nyingine. PERC H730 ina hali ya HBA kwenye mipangilio yake. Angalia tu usiuziwe nakala yenye bati la kupozea lililobandikwa kwa gundi ya dukani.

Rudi sasa kwenye swali la mama: "Si uzichomeke kwa kompyuta nyingine?" Hapa jibu ni ndiyo. Taarifa za mpangilio ziko kwenye diski zenyewe, na Linux yoyote ya kisasa inazisoma. Kadi ikifa, chukua yoyote inayopitisha diski, hata ya kampuni nyingine. Kama diski ni za SATA, aina ya kompyuta za kawaida, chomeka kwenye nafasi za ubao mama wa kompyuta ya mezani. Kwa mdadm ni amri moja ya kukusanya safu, kwa ZFS ni amri moja ya kuiingiza. Kwa kipimo changu cha Ijumaa jioni, mbio zimeishia hapo.

Bei yake ni nini? Kwanza, hakuna kache yenye betri, kwa hiyo UPS inayoizima seva kwa adabu si hiari. RAID 5 ya mdadm ina tundu linalojulikana: stima ikikatika katikati ya kuandika, data na hesabu yake ya ulinzi vinaweza kutofautiana, na diski ikifa baadaye unajenga upya uongo. Ramani ya maandishi ambayo mdadm huweka hufupisha ukaguzi baada ya ajali lakini haizibi tundu hilo. Diski ya pembeni ya kumbukumbu za maandishi ndiyo huliziba. ZFS haina shida hiyo, kwa sababu haiandiki juu ya data ya zamani: huandika mahali papya, kisha ndipo husogeza kielekezi.

ZFS ina kingine kinachonifanya niipende kuliko mdadm kwa data za hesabu na hospitali. Kila kipande kina alama yake ya uhakiki. Diski ikirudisha data iliyooza bila kulalamika, ZFS huigundua, huchukua nakala nzuri kutoka diski nyingine na kurekebisha. Ikishindwa, hukutajia jina la faili lililoharibika. Kadi haijui faili ni nini. Yenyewe inaona vipande tu.

Lakini ZFS usiiweke juu ya kadi ya RAID iliyokwisha kuunganisha diski kuwa moja. Nimekuta hivyo mara mbili, na mara zote mbili aliyeweka alidhani ulinzi wa juu ya ulinzi ni ulinzi maradufu. Unachofanya ni kuificha ZFS diski inazopaswa kuzikagua. Jambo lingine la kupima kabla ni ukuaji. Kuongeza diski moja kwenye kundi la RAID-Z, RAID ya ZFS yenye hesabu ya ulinzi, kumewezekana kuanzia OpenZFS 2.3 ya Januari 2025, na seva nyingi bado zina matoleo ya nyuma. Kama bajeti yako ni ya diski moja kila mwaka, tumia jozi za kioo, yaani diski mbili mbili zenye data ileile.

Udhaifu unaoniuma zaidi ni taa. Kwenye kadi ya kupitisha, taa ya trei mara nyingi haiwaki yenyewe diski ikifa. Lazima umtafute mgonjwa kwa namba yake. Ndiyo maana sifungi seva ya namna hii bila kuandika namba ya kila diski kwenye karatasi na kuibandika kwenye uso wa trei. Kuvuta diski nzima ukiacha mbovu ndani ni kosa la sekunde mbili.

Kidhibiti pacha

Hapa tunazungumzia kabati kama Dell PowerVault ME5 au HPE MSA 2060: diski zote ziko humo, na nyuma kuna vidhibiti viwili, kila kimoja na nyaya zake kwenda kwa seva. Vinaangaliana muda wote na kunakiliana kache. Kimoja kikifa, mwenzake huchukua diski zote, watumiaji huona kusita kwa sekunde kadhaa, kisha kazi inaendelea. Ijumaa jioni unakunywa chai, Jumatatu unaagiza.

Sharti ni nyaya. Kila seva ifike kwenye vidhibiti vyote viwili, na programu ya njia nyingi, multipath kwenye Linux, iwe imewekwa. Nimeona kabati zuri sana mahali fulani mjini, pacha kamili, nyaya zote za seva zimeingia kidhibiti cha kwanza. Cha pili kilikuwa pambo. Diski nazo ziwe za SAS, aina ya seva, ambazo zina milango miwili. Za SATA zina mmoja, na bila kipande cha kati cha kuugawa, kidhibiti cha pili hakizifikii.

Kutunza ni rahisi kwa namna nyingine: famwea hubadilishwa kidhibiti kimoja baada ya kingine, kazi ikiendelea. Ila wakati huo kimoja kinabeba mzigo wa viwili. Ukiwa umeviendesha kwa asilimia 70 kila kimoja kwa miezi yote, siku ya matengenezo utajua hujui.

Pacha hawa pia wanachangia ubao wa kati unaowaunganisha na diski, famwea na chumba. Pawa saplai mbili zilizochomekwa kwenye UPS moja ni pawa saplai moja yenye nyaya mbili.

Nani anunue? Sacco ambayo wanachama wake hutoa pesa kwa simu saa nane za usiku, hospitali, au mtu mwenye seva tatu zinazogawana diski moja. Mwenye seva moja ya duka asinunue. Kwa pesa hizo atapata seva mbili kamili.

Siku ya kufunga

Kadi hizi zimeumbwa kwa upepo wa seva. Nyingi za LSI hudai futi 200 za hewa kwa dakika, na ukiiweka kwenye kompyuta ya mezani yenye feni moja ya kivivu, bati lake litakuunguza kidole na makosa yataanza kuonekana kwenye diski zisizo na hatia. Funga feni ndogo juu yake.

Nairobi ina jambo lake pia. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo. Watengenezaji wengi wa seva hupunguza kiwango cha juu cha joto la chumba kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 baada ya takriban mita 900. Seva iliyoandikwa nyuzi 35, hapa ihesabu kama 32. Wenzetu wa Mombasa wana joto lakini hawana hesabu hiyo.

Nyaya zilinipotezea Jumamosi nzima wakati mmoja. Kadi nyingi za zamani zina soketi ya SFF-8087, za baadaye SFF-8643, na hazioani. Piga picha ya pande zote mbili kabla ya kwenda Luthuli, na upime urefu. Kichwa cha waya kina kibanio cha chuma: kibonyeze ndipo uvute. Na sweta la sufi livue kabla ya kushika kadi.

Baada ya hapo

Diski ya TB 8 inayojengwa upya kwa MB 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 15, hiyo ni seva ikiwa haina kazi nyingine. Ikiwa na kazi, hesabu siku mbili. Kwenye RAID 5 ya diski nne za ukubwa huo, wakati wote huo huna ulinzi, na lazima usome TB 24 bila kukosea, ilhali diski nyingi za bei ya chini hukadiriwa kosa moja la kusoma kwa biti trilioni 100, yaani TB 12.5. Makosa halisi mara nyingi ni machache kuliko hapo, lakini mimi RAID 5 kwa diski kubwa niliacha. Diski za kompyuta za kawaida zina kasoro ya ziada chini ya kadi ya RAID: zikikuta sekta mbovu huhangaika nayo muda mrefu, kadi ikadhani zimekufa na kuzitupa nje. Za seva hukata tamaa baada ya kama sekunde 7 na kuiachia kadi kazi.

Sekta mbovu zitafutwe kabla diski haijafa. Kadi zina doria yao ya kusoma, hakikisha haijazimwa. Debian huikagua safu ya mdadm Jumapili ya kwanza ya mwezi na ZFS Jumapili ya pili, bila kuombwa. Lakini nani anasoma matokeo? Seva ya mama ilikuwa imelia kwa kipaza sauti chake wiki tatu kabla ya ile Ijumaa, na karani akaiwekea gunia juu. Weka barua pepe ya onyo iende kwa watu wawili, na uijaribu kwa kutuma onyo la uongo.

Famwea ya diski nayo isisahauliwe. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa 8. Ukiwa umeziwasha nane siku moja, zinaondoka pamoja, na hakuna kadi wala pacha atakayekuokoa. Ni nakala iliyo nje ya seva tu. KRA, mamlaka ya kodi, ikidai rekodi za miaka mitano, RAID si jibu.

Diski mbovu usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Iliyotoka kwenye jozi ya kioo ikifufuka ina kila kitu ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi kama ilikuwa mbovu.

Kwa seva moja yenye Linux na fundi anayefika ndani ya siku moja, naweka HBA na jozi za kioo za ZFS. Kwa ESXi au Windows, na kwa tawi lisilo na fundi, kadi ya kache ya kapasita, RAID 6 au 10 (jozi za kioo zilizounganishwa), pamoja na pacha wake wa ukoo mmoja. Pacha wa kabati namwachia yule ambaye saa moja ya kusimama inamgharimu kuliko kabati lenyewe.

Mama tulimhamishia kwenye HBA. Siku ya kukabidhi nilivuta diski moja ankara ikiwa inachapishwa. Printa haikusita, yeye ndiye aliyeshtuka. Kadi ya akiba iko kwenye droo ya mhasibu, ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na juu yake mama ameandika kwa kalamu nyekundu: HII HAIUZWI.